Mzee Maroa Hapeani Mkono

Benchi letu liko Migori mjini, nyuma ya kinu cha posho, limeegemea kibanda changu cha viatu. Nasema letu kwa adabu tu, maana ukweli ni langu. Mbao nilipewa na fundi wa majeneza aliyempima mteja vibaya, misumari nilinunua mimi, kivuli ni cha mabati yangu, na hao wanaolikalia hakuna hata mmoja amewahi kuniletea kiatu. Mimi ni Willis, lakini hapa naitwa Gundi, kwa sababu ati nikishika neno siachilii. Kushoto hukaa Nicodemus, anayeitwa Daktari. Huyu aliuza dawa za mifugo kwa agroveti miaka tisa, na hakuna ugonjwa wa binadamu ambao yeye hana jina lake la ng'ombe. Katikati ni Phelesia, muuza omena, dagaa wa ziwani, anayeitwa Redio, na redio hiyo haina pa kuzimia. Kulia ni Bogonko, muuza ndizi, Msabato kutoka Kisii, anayeitwa Mheshimiwa. Hajawahi kugombea hata uongozi wa kwaya, lakini anasalimia watu kama kura ni kesho, mmoja mmoja, kwa mkono, na mkono wenyewe anaukamua mpaka kidole cha mwisho kilie. Miaka kumi na moja ananikamua hivyo, na mkono huo huo ndio nashikia sindano. Mbele yetu hukaa Mubarak na birika lake la kahawa, jiko la makaa, vikombe sita, na beseni moja ya kuvisuuzia.

Jumamosi hiyo Mheshimiwa alikuja saa nane mchana, katoka kanisani, suti ya kijivu, tai nyekundu, hotpoti kubwa ya chakula chini ya kwapa. Akatusalimia wote kwa mkono kama kawaida yake. Akaketi, Mubarak akampa kikombe cha tangawizi ya moto, maana Msabato hanywi kahawa, na Sabato hanunui kitu, kwa hivyo Mubarak humpa bure na wote wawili wanasema ni sadaka.

Lakini hakunywa. Aliweka kikombe kwa magoti akakitazama tu, na sisi tulijua kwa nini. Pale juu ng'ambo ya daraja kuna makao ya wazee tunayoyaita Kwa Masista. Wazee ni kumi na wawili. Tangu Jumatatu, kumi na mmoja wako chini, wanahara na kutapika, na mmoja wao ni mama yake Mheshimiwa, Nyanya Bochaberi, ambaye tangu Jumatano yuko kwa dripu. Jumanne Sista Mkuu alifunga geti. Hakuna wa kuingia kuona mgonjwa, awe mtoto wake, awe mchungaji wake.

— Leo naingia, akasema Mheshimiwa.

— Unaingia wapi? akauliza Redio.

— Kwa mama yangu. Geti wamefunga, sawa. Lakini ua lao liko na tundu upande wa nyuma, pale kwa zizi la nguruwe.

Redio akashika kifua.

— Mayie! Msabato? Siku ya Sabato? Kwa nguruwe? Na hiyo tai?

— Nguruwe simli, dada yangu. Napita karibu naye tu. Biblia haijakataza kupita.

— Na wewe unatosha kwa tundu? nikauliza mimi. Hiyo tumbo ya ndizi?

— Nitatosha. Nikikwama, Mungu ataona nia.

Tukacheka, yeye hakucheka. Akaweka hotpoti kwa benchi kama mtu anaweka mtoto.

— Mnacheka, akasema. Ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, bibi yangu amepika jana kabla jua lizame. Mama yangu bila chinsaga haponi. Nyinyi hamjui. Mama alianguka mara mbili peke yake kwa nyumba, mimi niko barabarani na ndizi, bibi yuko shamba. Nilipompeleka Kwa Masista, ukoo mzima uliniita. Wazee wakaniambia, Bogonko, mtu wetu hatupi mama yake kama ganda la muwa. Nililia siku hiyo, mwanaume mzima. Nikamwambia mama, kila Sabato utashika mkono wangu. Miaka mitatu, sijakosa hata moja. Leo nikikosa, atasema nini? Atasema ni kweli nimemtupa.

Hapo hata Redio alijifuta macho kwa kitenge, na hilo si jambo la kila siku.

— Na wahenga walisema, akaendelea Mheshimiwa, sauti ikipanda, mgeni njoo, mwenyeji apone! Walisema ama hawakusema? Sista anafungia wageni nje. Sasa hao wenyeji watapona na nini?

— Hapo umesema, akasema Daktari. Hiyo methali iko wazi kabisa.

— Tena nikienda sisalimii mama peke yake. Huwezi kushika mkono wa mama yako ukaruka mama za wenzako. Naanza kitanda cha mlangoni mpaka cha mwisho. Wengine hawana mtu, Gundi. Kuna nyanya mmoja pale, anajipaka mafuta mikono tangu asubuhi, ananingoja mimi.

— Wote unasalimia? akauliza Redio.

— Wote. Isipokuwa yule Mzee Maroa.

Mzee Maroa tunamjua sote kwa sifa. Ni Mkuria kutoka Kegonga, mrefu, mkali. Zamani mpwa wake alichukua fahali wake na hakurudisha, na mzee akaapa hatampa mtu yeyote mkono mpaka fahali arudi. Fahali mwenyewe lazima alishakuwa supu miaka thelathini iliyopita. Lakini mzee bado anangoja. Ukimnyooshea mkono anaweka wake kwapani na kukutazama kama wewe ndiwe ulimla.

— Sasa ngojeni, akasema Daktari, akisogeza kofia. Kabla mtu aingie kwa tundu, tujue ugonjwa umetoka wapi. Ng'ombe wakianguka boma nzima, hukimbilii kumpa ng'ombe chakula. Unauliza, ni nini kimeingia kwa boma?

— Hilo swali ni zuri, nikasema, na huwa simsifu.

— Mimi najua, akasema Redio. Kikulacho ki nguoni mwako. Si ni hivyo? Basi ni nguo! Wiki tatu zilizopita walikuja wageni na gari kubwa, wakapiga picha, wakagawa blanketi. Blanketi za ng'ambo. Nani alikuwa amejifunika nazo? Unajua aliyejifunika nazo alikufa na nini?

— Wiki tatu, Redio. Blanketi gani inangoja wiki tatu?

— Haraka haraka haina baraka, akajibu, bila aibu. Ugonjwa wenye akili haukimbii.

Hapo ndipo alikuja msichana mmoja, mwenye umri kama wa miaka ishirini na tano hivi, amebeba gambuti, kile kiatu cha mpira, mguu mmoja. Wa kushoto. Umepasuka chini ya kisigino. Nikamwambia kiraka kitashika, lakini angoje gundi ikauke, nusu saa. Akakubali. Mheshimiwa, mnajua alivyo, akainuka na mkono mbele.

— Karibu, dada. Mimi ni Bogonko.

Yule msichana akaweka mkono wake kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akatabasamu.

— Asante, baba. Naitwa Gesare.

Mkono wa Mheshimiwa ukabaki hapo juu peke yake. Akaurudisha pole pole. Mubarak akamnyooshea msichana kikombe, akakataa pia kwa heshima, akasimama kando ya nguzo. Redio akanisukuma na kiwiko.

— Wasichana wa siku hizi, akaninong'oneza kwa sauti ambayo kinu cha posho kilisikia. Mtu wa kwenu anakupa mkono unajishika kifua. Ati yeye ni malkia.

Nikaanza kukwaruza kisigino. Gambuti ilikuwa inanukia klorini mpaka macho yakaniwasha. Lakini mimi viatu vinavyonukia sijali, nimeshona vya polisi.

— Si blanketi, akasema Daktari. Ni hewa. Na ushahidi ninao. Redio, wiki jana Ijumaa, nani alikuwa anakimbia choo cha soko?

Redio akapiga makofi.

— Mheshimiwa! Haki ya Mungu! Mara saba! Aliacha ndizi kwangu nimlindie, nikauza mkungu mzima nikidhani amekufa huko.

— Mnatangaza mambo ya watu mbele ya wageni, akasema Mheshimiwa. Ilikuwa ile nyama ya matanga. Alhamisi nilienda kuzika huko Lambwe, nikala nyama imelala. Ni hiyo tu.

— Aa-aa, akasema Daktari, kidole juu. Sikilizeni sayansi. Mheshimiwa anaishi Kwa Masista?

— Haishi.

— Ijumaa alikuwa amefika huko?

— Bado. Alienda Jumamosi.

— Na Ijumaa alikuwa tayari anahara. Wazee wakaanza Jumatatu. Kwa hivyo ugonjwa ulimpata Mheshimiwa kwanza, hapa mjini, bila hata kukanyaga huko. Kumaanisha nini? Ugonjwa uko kwa hewa ya mji! Umeanzia hapa chini, ukapanda mlima.

— Umepandaje? nikauliza.

— Wenyewe. Ugonjwa una njia zake.

Tukakubaliana kwamba una njia zake. Nakumbuka tulitikisa vichwa wote, watu wazima wenye meno.

— Na Sabato ile, akauliza Redio, tumbo ilikuwa imetulia?

— Ilikuwa imetulia. Imebaki kidogo tu. Nilitoka kwa mahubiri mara mbili kukimbia choo, si kitu. Ningekosa kumwona mama kwa sababu ya tumbo?

— Mungu akubariki, akasema Redio. Watoto kama wewe wameisha.

Msichana pale kwenye nguzo alimtazama Mheshimiwa, kisha akatazama chini. Mimi nilidhani ana haraka na kiatu chake.

— Kama ni hewa, nikasema, basi mimi najua hewa ya wapi.

Naomba niseme ukweli, kwa sababu nimewacheka wenzangu vya kutosha. Siku hiyo nami nilikuwa na yangu. Nikawaambia ni vumbi la Macalder. Kule wanachimba dhahabu, wanasaga mawe usiku na mchana, vumbi linapanda, upepo unalileta huku. Wazee wetu tumbo zao zimezoea omena na uji, hazijazoea utajiri. Dhahabu ikiingia kwa tumbo la maskini, lazima itoke. Nilisema hivyo, na kwa sauti kubwa.

— Gundi! akapiga kelele Redio. Kwa hivyo hizo shuka za wazee ziko na dhahabu?

— Sijasema ziko. Nasema zichunguzwe.

Gesare akaziba mdomo, nikasikia kama anakohoa.

— Hiyo ni upuzi, akasema Daktari. Dawa ninayo mimi. Josho.

— Josho la ng'ombe?

— Josho ni josho. Unachimba mtaro, unatia dawa, mnyama anaingia huku anatoka kule. Kupe, kunguni, kila kitu kwisha. Wazee kumi na wawili, nusu saa tumemaliza.

Mheshimiwa akasimama.

— Unamtumbukiza nani kwa josho? Mama yangu?

— Si kichwa, Mheshimiwa. Mpaka shingo tu.

— Nicodemus, mama yangu ana miaka themanini na nne!

— Na umri wake utazingatiwa. Dawa tutapunguza.

Ilibidi Mubarak aingilie. Mubarak haongei sana. Kwao ni mbali, alikuja Migori na birika na kusikiliza. Akamimina kahawa ya Daktari kwa kikombe ambacho Redio alikuwa ametoka kukitumia, akakichovya kwa beseni mara moja kwa sababu ya usafi, akasema:

— Mnazungumza juu ya kumi na mmoja. Na yule mmoja mzima je?

Tukatazamana.

— Nani mzima? akauliza Redio.

— Wazee ni kumi na wawili. Wagonjwa kumi na mmoja. Kuna mmoja mzima.

— Ni Maroa, akasema Mheshimiwa pole pole. Mhudumu alimwambia bibi yangu kwa simu. Maroa hana hata kikohozi. Anakula uji wake, halafu anauliza wa wenzake kama upo.

Basi! Ungeona benchi lilivyoruka. Daktari alipiga goti lake, akapiga na langu.

— Nyati! Nyati, bana! Mnajua huko Lambwe, ng'ombe akichunga karibu na mbuga, anakufa. Nyati mwenyewe anabeba ugonjwa miaka na miaka, ananenepa. Mzee Maroa ndiye nyati wa Kwa Masista!

— Mimi nilijua, akasema Redio. Nani anafaidi? Tafuta anayefaidi. Uji wa watu kumi na mmoja! Na ile kiti iko karibu na televisheni, ambayo walikuwa wanapigania. Sasa anaikalia nani?

— Anaikalia Maroa, akasema Mheshimiwa.

— Umeona! Mtu wa Kegonga, na hasira ya fahali miaka thelathini. Ana mti wake wa uchawi amefunga kwa kitambaa. Anatafuna usiku, asubuhi yeye mzima, wengine chali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Hiyo methali inaingia wapi? nikamuuliza.

— Inaingia, Gundi. Usiharibu.

Mheshimiwa alikuwa amekaa tena. Uso wake umebadilika, nilianza kuogopa. Mtu akiwa na mama kwa dripu, hata maneno ya Redio yanaanza kufanana na maneno ya maana.

— Hamuoni? akasema. Huyo mzee si mchawi. Huyo mzee ana bahati. Kati ya wote, Mungu ameweka mkono wake kwake. Kama nikiupata mkono huo...

— Upate vipi?

— Nimsalimie. Kwa nguvu. Nikitoka kwa tundu naanza na wagonjwa wote, nawashika mkono, nawapa moyo. Halafu naenda kwa Maroa. Ataukataa, lakini mimi nitaushika, hata akiapa fahali kumi. Nitaukamua mpaka bahati yake itoke. Nairudisha moja kwa moja kwa mama, nampaka kwa uso.

— Mkono wa mtu aliyepona ni dawa, akasema Daktari. Hata kwa ng'ombe tunatoa damu ya aliyepona.

— Mkono mtupu haulambwi, akaongeza Redio. Mwekee ugoro. Wazee wanapenda ugoro.

— Na unawe kabla, nikasema mimi. Pale getini niliona Sista ameweka ndoo yenye mfereji na sabuni.

Mheshimiwa akanitazama kama nimemtukana mchungaji.

— Ninawe nini, Gundi? Hiyo ndoo iko pale tangu mwaka jana, sijawahi kuigusa. Nikinawa kabla, nawaambia wazee mikono yao yanitia kinyaa. Nikinawa baada, ni vibaya zaidi. Mzee akikushika mkono amekupa baraka. Kati ya mzee mmoja na mwingine, ninawe? Niimwage baraka ya huyu kwa sababu naenda kwa yule? Mimi nazibeba zote, mpaka kwa mama. Yeye namsalimia mwisho, ndio zimfikie zikiwa zimejaa.

Akasema hivyo na machozi yalikuwa karibu. Nami nikaona amesema vizuri kuliko padre. Hata Daktari alivua kofia. Mheshimiwa akachukua hotpoti yake, akakaza tai, akaanza kukunja suruali kwa ajili ya nguruwe.

— Samahani, akasema yule msichana.

Tukageuka. Tulikuwa tumesahau kama yuko.

— Gambuti yako dakika tano, nikamwambia.

— Si gambuti, baba. Nataka kuuliza tu. Mimi nafua shuka huko Kwa Masista.

Redio alitazama angani. Mimi nikaiona hiyo gambuti upya, na klorini yake, nikaona vidole vya huyo mtoto vimebambuka ngozi mpaka kucha zimepauka. Nikakumbuka dhahabu yangu kwa shuka. Ningeingia ndani ya kiatu kama kingenitosha.

— Uliza, akasema Mubarak.

— Mzee Maroa. Hapa kuna mtu amewahi kushika mkono wake?

— Hakuna, akasema Daktari. Huyo hapeani mkono. Dunia nzima inajua.

— Ni kweli, akasema Gesare. Hajapeana.

Hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeongea na wazazi wake, na pengine hiyo ndiyo ilifanya iwe ngumu zaidi.

— Na hao wengine kumi na mmoja, akauliza, nani huwa anawapa mkono wote?

Kinu cha posho kilizima wakati huo, au labda ni mimi tu. Nilisikia makaa ya Mubarak yakipasuka.

Daktari alitazama ndani ya kofia yake. Huyu mtu ana jibu la homa, la minyoo, la kwato. Redio, redio isiyozimwa, alishika ukingo wa kitenge chake akaukunja, akaukunjua, akaukunja. Mimi nilishika gambuti. Kila mmoja wetu alijua jina, na hakuna ambaye angelitaja hata kwa fimbo, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limesimama mbele yetu, suruali imekunjwa mpaka goti, soksi za kanisa, hotpoti kwapani. Mheshimiwa alikuwa anatazama kiganja chake cha kulia. Akakigeuza, akatazama nyuma yake. Hakukuwa na kitu. Kilikuwa safi kabisa, mkono wa mtu aliyeoga akaenda kanisani.

Halafu akauliza:

— Mama yangu... anakula?

— Nyanya Bochaberi? Leo asubuhi amekunywa uji. Kikombe kizima, haukurudi. Muuguzi alisema jioni wanamtoa dripu. Aliniuliza kama leo ni Sabato.

— Ukamwambia nini?

— Nilimwambia ndiyo. Akaniambia nimpake mafuta mikononi.

Mheshimiwa alifunika macho na mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuweka mbali, kando ya mwili, kama si wake. Alilia, na sisi tukatazama barabara ili alie vizuri.

— Baba, akasema Gesare, dirisha lake linatazama huku mbele, barabarani. La tatu, lenye pazia ya kijani. Ukisimama nje ya ua, macho yake hayatakuona. Lakini masikio yako sawa. Mwite. Mimi nitamkalisha.

— Na chinsaga?

— Chakula cha nje bado. Wiki ijayo pengine.

Mheshimiwa akaikunjua suruali, mguu mmoja, mguu mwingine. Hotpoti akaiacha kwa benchi. Nikampa Gesare gambuti yake, nikamwambia kiraka ni zawadi, na kama mguu wa kulia utapasuka aulete hapa hapa, asipeleke kwa mtu mwingine. Akashukuru, mkono kifuani. Safari hii hakuna aliyesema malkia.

— Sasa hiyo chinsaga itaharibika bure, akasema Redio, maana ukimya ulikuwa umemchosha. Akafungua hotpoti, akachota ugali na vidole vitatu. Akafika nusu ya njia kuelekea mdomoni. Akaona tunamtazama. Akatazama vidole. Akaurudisha mkono polepole, halafu akakumbuka amekwisha gusa ugali, akauondoa tena, akabaki ameshika hewani tonge la watu wote.

— Mubarak, akasema Daktari kwa upole sana, hayo maji ya beseni umebadilisha lini?

Mubarak akatazama beseni. Sisi wote tukatazama beseni. Rangi yake ilikuwa ya kahawa, na siyo kwa sababu ya kahawa peke yake. Akainuka, akaimwaga kwa mtaro, akaweka birika la maji kwa makaa achemshe vikombe, na akatangaza kwamba leo kahawa imeisha.

Mheshimiwa alikuwa anaondoka na Gesare. Lakini yeye hawezi kuondoka bila kuaga, hiyo iko kwa damu yake. Akaja kwangu kama kila siku, na mkono wa kulia ukanyooka wenyewe, na mimi, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, wangu ulikuwa tayari uko juu, nimeng'ata meno nikisubiri kukamuliwa.

Ukasimama katikati ya njia. Akautazama, akaurudisha, akauweka juu ya tai yake nyekundu.

— Kwaheri, Willis.

Hajawahi kuniita Willis. Wakapanda kuelekea daraja, yeye ameshika kifua chake hivyo hivyo mpaka wakapinda kona. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nimeulalamikia mkamuo wake kila siku ya Mungu, na siku hiyo nilikaa pale na sindano yangu nikiutaka.

Baada ya muda upepo ulitoka upande wa mlima, na ndani yake mtu mzima alikuwa anaita mama.